Kijiko Kimoja cha Maziwa, Vinne vya Maji

Nafula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naiona kwa dirisha. Umesimama uani na pasi ya makaa, unalinyoosha lile gauni la buluu kwa mara ya pili leo, na Egesa amekaa kwenye ngazi anakutazama kama mtu anayetazama gari likipakiwa mizigo. Jua bado liko juu ya migomba. Nimefunga mlango nikasema nasahihisha kazi za watoto wa shule, na hakuna aliyeshuku kitu. Kesho asubuhi utapanda basi hadi Malaba, baba yako atakupokea stesheni akuingize kwenye treni, na jioni utakuwa mbali kuliko mtu yeyote wa nyumba hii alivyowahi kwenda.

Mambo ya sabuni, ya viatu, ya kutoazimisha vitu vyako, umeambiwa na shangazi zako wiki nzima hadi ukaanza kuitikia kabla hawajamaliza. Siyarudii. Nimeshika kalamu kwa sababu naogopa, na nikijaribu kukueleza kwa mdomo tunagombana, kama tulivyogombana Jumapili.

Nataka turudi kwenye Jumapili hiyo kidogo.

Baba yako alikuwa amekuja kutoka kazini. Nyanya yako, Kukhu, alikuwa mlangoni na ungo wake, anachambua wimbi. Baba yako akakuomba usimulie tena ulivyoulizwa maswali siku ile ya kuchaguliwa chuo cha uuguzi, kwa sababu anapenda unavyomwigiza yule bibi mwenye miwani. Ukasimama katikati ya nyumba, ukakunja uso.

"'Dawa imechanganywa na maji, moja kwa nne. Dawa ni sehemu gani ya mchanganyiko wote?' Mimi nikasema robo. Akanitazama hivi, akasema, 'Fikiria tena, msichana.' Nikafikiria! Nikasema robo!"

Baba yako alicheka hadi akashika meza. Hata Egesa alicheka bila kujua kinachochekwa. Mimi sikuweza.

"Si robo," nikasema. "Ni moja ya tano."

"Najua, Mama. Nilielezwa baadaye."

"Ile nne ni maji peke yake. Dawa nayo imo ndani ya chupa. Sehemu ni tano."

"Nimesema najua. Na wamenichukua, sivyo? Robo na moja ya tano, tofauti yake ni ndogo tu."

"Ndogo kwa nani?"

Hapo ndipo ulipokasirika. Sikulaumu, maana sauti yangu haikuwa nzuri. Ukasema, "Mama, tangu nilipoitwa chuoni unaniangalia kama mtu ambaye ameshaua. Mimi si Kukhu. Mimi nimesoma."

Baba yako akaangalia sakafu. Kukhu akainuka polepole, akachukua ungo wake na kibao chake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye jua, na jioni akasema hana njaa.

Nimejiuliza tangu siku hiyo ni kitu gani hasa unachokijua kuhusu jambo lile. Ulikuwa mtoto wa darasa la tatu. Uliona mbio, ukasikia kilio, halafu miaka yote watu wa nyumba hii wamelitaja kwa nusu maneno. Ngoja nikueleze lilivyokuwa, kutoka mwanzo, kisha utaelewa kwa nini naogopa.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua nyingi, kabla ya Uhuru. Dada ya baba yako, aliyeolewa upande wa Uganda, alijifungua mtoto wa kiume na hakuona asubuhi. Watu wa kule walikuwa na matanga mawili tayari na hakuna mwanamke aliyekuwa ananyonyesha. Baba yako alivuka mpaka pale Busia na blanketi moja, akarudi na mtoto ndani yake. Alikuwa mdogo hivi kwamba nilipopokea blanketi nilidhani amesahau kumweka. Ndiye Egesa.

Mimi sikuwa na maziwa. Wewe ulikuwa umeacha kunyonya miaka mingi, na baada yako sikubahatika. Jirani alijaribu kumpa maziwa ya ng'ombe, akayatapika. Nikampeleka zahanati. Aliyekuwa pale ni Mama Rosa, yule muuguzi mnene mwenye sauti kama ya mwanamume, unamkumbuka. Akatupa mkebe wa maziwa ya unga na kijiko kimoja cha bati.

"Kijiko kimoja cha unga, vijiko vinne vya maji yaliyochemka," akasema. "Kijiko ni hiki hiki, usichukue kingine. Rudia nisikie."

Nikarudia. Akanitaka nirudie tena kama mtoto wa shule, mimi mwalimu, mbele ya foleni ya watu. Nilikasirika moyoni. Niliona ananidharau.

Nyumbani nikamwonyesha Kukhu, kwa sababu mchana mimi niko shuleni na yeye ndiye angebaki na mtoto. Unajua Kukhu hakwenda shule, lakini hakuna mtu mwenye mkono makini kama wake. Anaweza kukuambia kuku mmoja hajaingia bila kuwahesabu. Alipima kijiko kimoja cha unga, akakisawazisha juu kwa upande wa kisu, akapima vinne vya maji huku anahesabu kwa sauti. Mtoto akanywa, akalala. Tukakaa tunamtazama, sisi wanawake wawili, tukaanza kuamini kwamba ataishi.

Akaanza kunenepa. Baada ya muda kikombe kile kidogo hakikumtosha, akawa anamaliza na kulia. Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa, mvua inanyesha, nimeshika viatu mkononi, nikamwambia Kukhu nikiwa mlangoni, "Mama, mtoto amekua. Leo weka maji vijiko vinane. Ukiongeza maji, na unga uongeze hivyo hivyo."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyageuza kichwani mara nyingi kuliko sala. Hivyo hivyo.

Akilini mwangu ilikuwa wazi kabisa. Maji yamekuwa mara mbili, basi unga nao mara mbili, vijiko viwili. Sikuona haja ya kuitaja hiyo mbili. Lakini Kukhu alisikia nilichosema, hakusikia nilichofikiria. Maji yalikuwa manne, sasa ni manane, kwa hiyo ameongeza vijiko vinne. Unga nao aongeze hivyo hivyo, yaani vinne. Kulikuwa na kimoja, sasa ni vitano. Akapima vitano, kila kimoja amekisawazisha kwa kisu. Palipofaa vijiko viwili, mtoto alipewa vitano.

Usiku nilichanganya mwenyewe, viwili kwa vinane, kwa hiyo usiku mtoto alipata maziwa yake sawa. Akawa mchana analia na usiku anatulia. Tukasema, tazama, mtoto anamkosa mama yake wa kumlea, anamjua kwa harufu. Mimi nilifurahi, Nafula. Kukhu aliumia kidogo, nikaona, na bado nilifurahi.

Kilio kikaongezeka. Kwa vile alikuwa analia, Kukhu alimpa tena. Alikunywa kwa pupa, akamaliza, akalia zaidi. "Huyu atakuwa mla nyama," Kukhu aliniambia. "Mkebe unakwisha mbio." Nikamwambia ni vizuri, ni afya. Hata mkebe uliniambia, na sikusikia.

Siku ile nilirudi kutoka shule mchana kwa sababu paa la darasa lilivuja. Nilimsikia kabla sijafika kwenye uzio. Haikuwa sauti ya mtoto mwenye njaa. Ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, haina pumzi. Nikamchukua. Mwili ulikuwa moto, midomo imekauka kama karatasi, na alikuwa analia bila machozi hata tone. Macho yake yalipita juu yangu bila kunishika.

"Nimetoka tu kumpa," Kukhu akasema. "Anataka tena. Nimemtengenezea kingine hiki."

Nikachovya kidole kwenye kikombe. Yalikuwa mazito kama uji wa mgonjwa anayepona.

"Mama, umepimaje?"

"Kama ulivyoniambia."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Wewe ulikuwa pale, umesimama karibu na mtungi. Alichukua kijiko, akasawazisha, akahesabu kwa lugha yetu, taratibu, moja mpaka tano. Alikuwa anajivunia. Alidhani nataka kujifunza kwake. Alipofika kwenye cha tatu nilielewa. Nilibaki namtazama anaendelea hadi mwisho.

Mengine unayakumbuka. Nilitoka mbio hadi barabarani, nikamsimamisha yule kijana aliyekuwa anabeba watu kwa baiskeli kwenda mpakani, nikakaa nyuma na mtoto kifuani. Wewe ulitufuata kwa miguu, nilikuwa nasikia nyayo zako kwenye matope hadi kwenye kile kilima, kisha sikuzisikia tena. Huko mbele mtoto alikakamaa mikononi mwangu. Degedege. Shingo ilienda nyuma, mikono ikawa migumu kama vijiti. Yule kijana alinisikia nikipiga kelele, akataka kusimama, nikampiga mgongoni asisimame.

Mama Rosa alimpokea mikononi mwangu. Baada ya degedege kupita ndipo aliponiuliza, "Amekula nini?"

"Maziwa."

"Mmepima vipi?"

Nikajibu, "Moja kwa nne, kama ulivyosema." Ulimi ulisema wenyewe. Kisha nikaona anangoja, nikamweleza yote, vitano kwa vinane.

Akafumba macho kidogo. "Maziwa yale yana chumvi yake ndani," akasema. "Mazito namna hiyo yanakausha mtoto. Alikuwa analilia maji, Mama Nafula. Kila akililia maji mnampa tena yale yale."

Akachemsha maji, akayapoza, akakaa kwenye kibao na mtoto mapajani, anamdondoshea kwa kijiko. Kidogo, anangoja. Kidogo, anangoja. Nilitaka kumnyang'anya kikombe nimmiminie mtoto anywe ashibe, akanisukuma kwa kiwiko. "Ukiharakisha utammaliza," akasema. "Alikauka polepole, atarudi polepole."

Kukhu alikuja kwa miguu, akafika jua linazama. Hakuingia. Alikaa nje kwenye majani yaliyolowa, na nilipotoka kumwambia kwamba mtoto bado anapumua, hakuinua uso. Akauliza kitu kimoja: "Nilikosea kuhesabu?"

Nikamwambia hapana. Maana hakukosea kuhesabu, mwanangu. Ndilo jambo linaloniogopesha hadi leo.

Egesa aliishi. Tulikaa zahanati siku kadhaa, tukarudi naye. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na unajua anavyovuta maneno hata sasa, anavyosimama katikati ya neno kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja halipo. Nilimuuliza Mama Rosa kama ni kwa sababu ya siku zile. Akasema watoto wengine wanazaliwa hivyo. Nikauliza tena mwaka uliofuata, akanijibu hivyo hivyo. Sitajua. Kila anapokwama kwenye neno mbele ya wageni, mimi natazama pembeni, na Kukhu anainuka kwenda kutafuta kitu ambacho hakijapotea.

Niliporudi shuleni tulikuwa kwenye uwiano. Kabla ya mtoto kuugua nilikuwa nimewapa watoto swali: vikombe viwili vya unga vinataka vitano vya maji, je, vinne vya unga? Wengi waliandika saba badala ya kumi. Wameongeza viwili hapa, wameongeza viwili pale. Nilikuwa nimeyachora makosa hayo kwa kalamu nyekundu, moja baada ya jingine, nikiwa nimechoka, nikiwaza hawa watoto hawasikii. Kumbe wiki ile ile mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu nimeshika viatu na kusema maneno yanayozaa saba.

Niliwatoa nje siku hiyo. Nikawaambia wafikirie kuku na vifaranga wake wanne. Ukileta kuku wa pili, anakuja na vifaranga wake wanne, haji peke yake, wala kila kifaranga anayeongezeka haji na kuku wake. Tukapanga mawe makubwa na madogo kwenye mchanga hadi kengele ikalia. Kulikuwa na mvulana mmoja, mtoto wa mchungaji wa ng'ombe kutoka upande wa Amukura, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo ukiongeza sawa kwa sawa, kuku wanakuwa wengi kuliko kazi yao." Nikamwambia ndiyo. Ikabidi nigeuke, nijifanye natafuta chaki.

Miaka yote hii nimefundisha somo hilo, na nimeyaona makosa yanavyoingia. Hayaji kwa mtu mjinga peke yake. Kuna msichana aliulizwa uwiano wa wasichana kwa wavulana darasani, akaandika wavulana kwanza. Nikamuuliza kwa nini. "Si ndio wamekaa mbele, Mwalimu?" Tulicheka sote. Lakini niliporudi nyumbani nilimfikiria akiwa mtu mzima, ameambiwa dawa kwa maji, naye akaanza na kile kilichokaa mbele yake mezani. Kuna mwingine alipima kimoja kwa futi na kingine kwa inchi, akapata jibu zuri kabisa la kitu ambacho hakipo duniani. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mama Rosa aliniambia kijiko ni hiki hiki. Nilidhani ananidharau, kumbe alikuwa ameshaona unga umepimwa kwa kijiko kikubwa na maji kwa kidogo, na mama akaapa kwamba ni moja kwa nne, na mama huyo hakudanganya.

Na kuna robo yako.

Nataka uielewe hofu yangu ya Jumapili. Sikuogopa kwa sababu ulikosea. Niliogopa kwa sababu bibi yule alikuambia ufikirie tena, ukafikiria, ukarudi na jibu lile lile, ukiwa na hakika zaidi. Ulipopita tena, ulipita njia ile ile. Ukaona moja, ukaona nne, ukasema moja ya nne, kwa sababu namba ndizo hizo. Namba hazikukuambia kwamba nne ni maji peke yake na kwamba dawa bado haijahesabiwa kwenye jumla. Ungeyamwaga yote kwenye meza kwa akili yako, hii ni dawa, haya ni maji, haya ni maji, haya, na haya, ungeona tano. Kukhu naye angerudia, angehesabu tena vitano. Mtu akikosea kwa haraka, utulivu unamsaidia. Lakini kosa likikaa kwenye namna alivyolielewa neno, utulivu unalitengeneza vizuri zaidi. Linasawazishwa kwa kisu.

Basi usijiamini kwa sababu tu ulikuwa makini. Jaribu kwa njia nyingine. Ukipata jibu, lirudishe nyuma uone kama linafika ulikotoka. Mwambie aliyekutuma arudie, na wewe urudie mbele yake, hata kama kuna foleni ya watu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayemwambia mama fulani apime nini, usimwambie hivyo hivyo. Mpe kijiko mkononi, apime mbele yako. Usiangalie kama anaitikia. Wote tunaitikia.

Sasa habari ya Kukhu.

Jioni ile ya Jumapili nilimfuata nyuma ya nyumba. Nilikuwa nataka kusema maneno ya kukutetea, kwamba wewe ni mtoto, kwamba umechoka na safari. Akaniwahi. "Anasema kweli, mimi sikusoma," akasema. "Lakini mwambie kitu kimoja. Mwambie sikumimina ovyo. Nilihesabu kila kijiko. Watu wakisimulia wanasema bibi mzee alimimina tu. Sikumimina."

Nikamwambia nitakuambia. Ndiyo nakuambia.

Sikukutuma ukamwombe msamaha, na sikutumi sasa. Leo asubuhi nilikuwa nachota maji nikawaona mmekaa pamoja kwenye mkeka, ungo kati yenu. Sijui nani alianza. Ulikuwa unamwonyesha kitu kwa punje za wimbi, umezipanga vikundi vikundi, naye ameinama sana kwa sababu ya macho yake. Alikuuliza kitu, ukapanga upya. Akauliza tena. Halafu nilimsikia akisema kwa sauti ile yake ya zamani, "Aa! Kumbe vilikuwa vijiko viwili tu!" na akajipiga paja. Kisha akaziangalia tena punje zile, na wewe ukamshika mkono.

Niliweka ndoo chini nikasimama nyuma ya mgomba hadi miguu ikachoka. Hakuna aliyewahi kumwonyesha, Nafula. Miaka yote hii tulimsamehe, tulimnyamazia, tulimfichia mikebe na vijiko, na hakuna hata mmoja wetu, hata mimi niliyefundisha watoto wa watu kwa mawe kwenye mchanga, aliyekaa chini akamwonyesha palipokwenda kombo. Alibeba kosa asilolijua umbo lake. Wewe umemwonyesha kwa asubuhi moja, siku moja kabla ya kuondoka, na ulikuwa na subira ambayo sikujua unayo. Sijui umeitoa wapi. Kwangu hukuiona.

Labda utakuwa muuguzi mzuri sana. Nasema labda kwa sababu naogopa kusema zaidi.

Ungependa nikuambie kwamba baada ya kuona hayo hofu imeniisha. Haijaniisha. Ninapokuona hapo uani unakunja gauni, naona mikono yako, naona jinsi inavyofanya kazi mbio, mikono mizuri, na ninawaza juu ya watu wote watakaolala kitandani na kuiamini bila kuuliza. Hawatajua dawa ni moja kwa ngapi. Watafungua mdomo tu. Egesa naye alifungua mdomo tu.

Kwa hiyo sikuombei usiwe na woga. Wenzako watakuambia muuguzi hodari haogopi, na wakubwa wako watakupenda ukiwa mwepesi. Kutakuwa na siku wodi imejaa, umesimama tangu alfajiri, mtu anakuita huku na mwingine kule, umeshika chupa mkononi, umeambiwa moja kwa ishirini, na ghafla hujui moja ni ipi, ama ishirini ni maji peke yake au ni yote pamoja. Mkono utasita. Utaona aibu, utataka kuendelea kabla mtu hajakuona.

Usiendelee, mwanangu. Weka chupa chini. Uliza, hata kama umeshauliza jana, hata kama watakucheka mbele ya watu. Wakikuharakisha, waambie mama yako alikuagiza uwe mzito. Nitabeba lawama hiyo kutoka huku, na nitaibeba kwa furaha.

Mama yako